Mishale ya Mama Inakwenda Kushoto

3 Machi

Mvua imeanza leo, na Mama ameingia karakanani kabla sijamaliza chai. Hakupiga hodi. Ameweka podo lake la mishale juu ya meza, katikati ya gundi na vumbi la msasa, akasema, "Inakwenda kushoto."

"Nini?"

"Mishale yako."

Ingekuwa inakwenda katikati, ingekuwa mishale yake. Nimelimeza hilo pamoja na chai.

Naandika haya kwa sababu nikimsimulia mume wangu kila siku atanihama. Huu ni msimu wangu wa kwanza kutengeneza mishale peke yangu. Baba ndiye aliyekuwa fundi wa chama kizima cha warusha mishale, na tangu tulipomzika, meza ni yangu, randa ni yangu, na lawama nazo zimenihamia. Mvua zikiisha kuna shindano. Wanane wa juu wanasimama mstari wa mbele mwaka mzima, wengine wanarudi mstari wa nyuma, wanakopiga soga na kurusha kwa kujifurahisha. Mama, fundi cherehani, amesimama mstari wa mbele tangu sijaolewa. Anasema siku akirudishwa nyuma, tuutundike upinde wake ukutani na yeye tumtundike pembeni yake.

5 Machi

Nimepima yote kumi na miwili, jioni, maana mizani ni ya mume wangu na mchana inakaa dukani kwake. Yeye ni sonara. Mizani yake inajua tofauti ya pumzi na pumzi.

Mishale yote niliitengeneza iwe na gramu thelathini na mbili. Leo mwepesi kuliko yote una thelathini na mbili na nukta moja, mzito una thelathini na mbili na nukta tisa. Nimeilaza mmoja mmoja juu ya mgongo wa kisu. Pale mshale unapotulia bila kuinamia upande wowote ndipo kitovu chake kilipo. Ninapima kutoka nyuma, kwenye mkato unaoingia upote, yaani uzi wa upinde, hadi hapo kwenye kitovu: sentimita arobaini na tatu. Ninatoa nusu ya urefu, thelathini na sita, inabaki saba. Saba kwa sabini na mbili, karibu asilimia kumi mbele ya katikati. Ndivyo Baba alivyopenda. Chembe, ile ncha ya chuma, kinavuta mbele, manyoya yanafuata nyuma, mshale hauyumbi.

Kwa hiyo kitovu kiko sawa, ila uzani umepanda. Mti umekunywa unyevu. Nimefurahi kama aliyemkamata mwizi. Nimeikausha karibu na jiko na kuipaka vanishi upya.

8 Machi

Bado kushoto.

11 Machi

Nimegombana na muuza mbao. Nimemwambia ameniuzia mawano mabovu, magumu kama fimbo za kuswagia ng'ombe. Mawano ni hivyo vijiti vyenyewe, mwili wa mshale. Yakiwa magumu mno kwa nguvu ya upinde, hayapindi yanapoupita, basi yanatupwa kushoto kwa mtu anayevuta kwa mkono wa kulia. Yakiwa laini mno yanakwenda kulia.

Mzee wa watu amenisikiliza, halafu akasema, "Mwanangu, ulipima?"

Nilikuwa nimepima wakati wa kuyachagua. Nimerudi nyumbani nikapima tena: nimelaza kila wano juu ya misumari miwili, nikaning'iniza jiwe la kilo moja katikati, nikasoma limepinda kiasi gani. Yote yako sawasawa na ya mwaka jana, ya mkono wa Baba.

Kesho nitakwenda kumwomba radhi. Mdomo wangu huu utaniponza siku moja.

12 Machi

Nimeomba radhi. Amenipa pipi, kama mtoto.

16 Machi

Mvua haikatiki. Mjomba amekuja na koti lake lililoloa akalitundika juu ya mishale yangu iliyokuwa inakauka. Nimepiga kelele. Amecheka. Mjomba, kaka yake Mama, ndiye fundi wa pinde, na katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kumwona ana haraka.

Nimemwambia upinde wa Mama umechoka. Upinde ukichoka unasukuma kidogo, na mshale uleule unaonekana mgumu. Amekasirika, kwa namna yake, yaani ameacha kucheka. Amekwenda kuuchukua, akaufunga juu ya ule mti wake wa kunyooshea pinde, akauvuta kwa kamba na mizani ya ndoano mbele yangu.

"Soma," akasema.

Nimesoma. Haujapungua hata kidogo.

"Upinde wangu haujachoka. Tafuta kwingine."

"Kwingine wapi, Mjomba?"

Amevaa koti lake. "Kwingine ni kwingine."

17 Machi

Mvua. Manyoya hayashiki gundi.

20 Machi

Leo Mama amesema neno ambalo sitalisahau upesi. Tulikuwa uwanjani, mvua imepumzika kidogo, watu wanasikiliza. Amerusha sita, mitano imekwenda kushoto. Amegeuka akanitazama nilipo nyuma ya kamba, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba yako asingenifanyia hivi."

Kengele, mwamuzi wetu, ambaye anaitwa hivyo kwa sababu hajui kunong'ona, amempigia filimbi. Sheria ni sheria: mtu akiwa mstarini hasemi wala hasemeshwi. Siku ya shindano, ukimsemesha aliye mstarini unamtoa mchezoni. Mama amenyanyua mkono kuomba radhi. Kwa Kengele, si kwangu.

Nimerudi nyumbani nikamwambia mume wangu, "Mchagua jembe si mkulima." Akasema, "Kamwambie yeye." Nikasema, "Una wazimu?"

Nimemchukia leo. Ni mama yangu, nampenda, na leo nimemchukia.

23 Machi

Baba alikuwa na kauli moja, akiirudia hadi inachosha: mshale hautengenezwi kwa upinde, unatengenezwa kwa mvuto. Upinde uleule mtu akiuvuta hadi shavuni una nguvu hizi, akiishia njiani una nguvu nyingine.

Mawano yako sawa. Upinde uko sawa. Kinachobaki nakijua tangu juzi, nimejitia hamnazo.

Leo nimechukua mishale sita ya Mama nikaizungushia pete nyembamba ya masizi nyuma tu ya chembe. Mama akivuta kama alivyovuta maisha yake yote, chembe kinarudi hadi kugusa kidole chake cha mkono wa kushoto, na pete inafutika. Nimemwambia masizi ni dawa ya unyevu. Ameamini. Mimi ndiye fundi, angekataaje?

24 Machi

Imerudi. Pete tano hazijaguswa. Ya sita imefutika upande mmoja tu, labda na majani.

Nimekaa nayo mkononi muda mrefu. Nilidhani nitafurahi, maana kosa si langu. Badala yake nimechukua mwavuli nikaenda kibandani kwake anakoshonea.

Hakuniona nikiingia. Alikuwa ameinama juu ya cherehani, anajaribu kupitisha uzi kwenye sindano. Alijaribu, akakosa. Akaulamba uzi, akajaribu, akakosa. Akautikisa mkono wa kulia kama mtu anayekung'uta maji, akafumba na kufumbua vidole. Halafu akaushika uzi kwa mkono wa kushoto, vibaya, akakosa tena. Mama yangu huyu, aliyekuwa akitunga sindano huku anatugombeza bila kuitazama.

Nikakohoa. Akashtuka, akaniambia, "Njoo unitungie, mwanga wa leo mbaya."

Mwanga ulikuwa mzuri. Nimemtungia. Nimeangalia vidole vyake: ncha za vidole vitatu, vilevile vinavyoshika upote, zimekuwa nyeupe na laini kama za mtu aliyefua siku nzima.

"Mkono una nini, Mama?"

"Una kazi."

"Unauma?"

"Umekuja kushonewa au kunihoji?"

Nimechukua mwavuli nikaondoka. Njiani mvua imenipiga na sikufungua mwavuli. Nimekumbuka kila aliponisema mwezi huu, na mara hii kila neno nimelisikia vingine. Haikuwa hasira. Mama anaogopa. Mkono umekufa ganzi, hausikii upote, unauachia kabla ya wakati wake, na heri kwake mishale iwe mibovu kuliko mkono wake kuwa mbovu. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Lakini nani atamwambia hivyo Mama?

26 Machi

Simwambii. Nimeamua. Nitaitengeneza mishale imfuate alipo.

Ni hesabu tu. Wano gumu mno kwa mvuto mfupi hulainika ukilibebesha kichwa kizito. Nimetoa vyembe vya gramu nane nikaweka vya kumi. Kitovu kimehama hadi arobaini na nne na nusu: karibu asilimia kumi na mbili.

30 Machi

Imerudi katikati, lakini inaanguka chini ya shabaha. Nguvu ndogo, mzigo mkubwa. Mama ameniambia, "Afadhali. Sasa umenipa nyundo badala ya mishale."

Nimecheka. Na yeye amecheka, mara ya kwanza tangu mvua zianze.

4 Aprili

Nimefanya kazi siku tatu mfululizo. Nimechagua mawano mepesi, nikayapunguza kwa msasa taratibu, jiwe la kilo likayapinda kuliko nilivyowahi kuruhusu. Vyembe nimerudisha vya gramu nane. Mshale mzima una gramu ishirini na tisa, kitovu kiko arobaini na tatu na nusu, asilimia kumi na nukta nne. Manyoya yaleyale, mawili meupe na moja jekundu, vanishi ileile. Ukiiweka pamoja na ile ya zamani hutaitofautisha kwa macho, na nimejivunia hilo kuliko yote.

Mume wangu amekaa pembeni akiangalia mizani yake inavyotumika. Nimemweleza kila kitu. Amesikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na akivuta wote?"

"Havuti wote."

"Siku moja akivuta?"

"Mkono hauwezi, nimekwambia."

"Sawa, fundi." Akaanza kufunga mizani yake. "Mimi najua dhahabu tu."

6 Aprili

Katikati! Yote sita, katikati, na Mama amerudi kutoka kwenye shabaha akitembea kama bibi harusi. Amenishika kidevu mbele ya watu wote, jambo ambalo hajalifanya tangu nimalize shule, akasema, "Sasa ndiyo mtoto wa baba yako."

Nimetabasamu. Nampaka mafuta kwa mgongo wa chupa na yeye ananishukuru.

Mjomba amekuja baadaye. Ameuchukua mshale mmoja uliobaki mezani, akauweka juu ya kidole kimoja, ukatulia. Akauminya kidogo katikati.

"Huu wa nani?"

"Wa mwanafunzi mmoja," nimesema. "Anajifunza."

"Ah. Maana ukiuweka kwenye upinde wa mama yako, ukavutwa wote, hautafika popote. Utapasuka palepale upote ukiachiwa, na kipande kinaingia kwenye mkono ulioshika upinde."

"Najua, Mjomba."

"Najua unajua." Akaurudisha mezani.

13 Aprili

Mama wa nne kwenye orodha ya mazoezi. Mvua.

17 Aprili

Wa tatu.

21 Aprili

Mishale miwili imekwenda kulia.

22 Aprili

Sikulala vizuri. Nimejiambia upepo. Jana hakukuwa na upepo.

25 Aprili

Kulia tena, minne. Nilikuwa nyuma ya kamba, na safari hii sikutazama shabaha, nimemtazama Mama. Amevuta hadi shavuni. Mabega yamefunguka, kiwiko kimepanda, ule mvuto wake wa zamani ambao watu wa mstari wa nyuma huacha soga kuutazama. Chembe kimerudi hadi kwenye kidole. Nimeona wano linapinda mbele ya upinde nami nimeishika kamba kwa mikono miwili hadi mshale ulipotoka.

Umetoka mzima. Sijui kwa nini. Labda mvuto huo ulikuwa pungufu kidogo ya nilivyouona, labda mbao ya yule mzee ni nzuri kuliko ninavyostahili.

Nimemfuata Mjomba kwake. Nimemuuliza moja kwa moja mkono wa Mama umefanyweje. Ameniangalia, akaangalia mvua.

"Aliniapisha," akasema.

"Mjomba."

"Nampeleka kwa daktari wa mifupa tangu mwezi uliopita. Anafungwa bandeji ngumu kila akilala, na ana mazoezi ya vidole. Mshipa wa fahamu ulikuwa umebanwa kwa sababu ya kushona. Sasa unafunguka. Siku nyingine mkono mzima kabisa, siku nyingine ganzi. Akaniambia, usimwambie mtoto, atanionea huruma."

Yeye alijua mkono, mimi nilijua mishale. Tumekaa nyumba mbili jirani, kila mtu na nusu yake ya siri. Hapo ndipo ningemwambia. Maneno yalikuwa yamefika mdomoni. Lakini ningesema nini, kwamba ule mshale wa mwanafunzi ulikuwa wa dada yake? Nimeaga nikaondoka.

26 Aprili

Mpango: nitatengeneza kumi na miwili mingine, mawano magumu, gramu thelathini na mbili, kitovu arobaini na tatu, sura ileile. Nitaibadilisha kimyakimya. Hakuna atakayejua, hakuna atakayeumia.

29 Aprili

Gundi haikauki. Mvua, mvua, mvua. Nimemwambia Mama asifanye mazoezi wiki hii, apumzishe mwili. Amesema, "Tangu lini umekuwa mwalimu wangu?" Lakini hakwenda, maana uwanja umejaa maji. Kwa mara ya kwanza nimeishukuru mvua hii.

3 Mei

Uwanja umekauka, amekwenda. Nimesimama nyuma ya kamba nimekaza meno hadi taya zinauma. Amerusha tisa. Hakuna kilichotokea.

Mwambie. Kila asubuhi najiambia mwambie. Halafu naona uso wake.

7 Mei

Mipya iko tayari. Nimeipima mara mbili. Shindano ni kesho.

9 Mei

Jana sikuweza kuandika. Naandika leo, yote, kwa mpangilio, kwa sababu nikiacha kitu nje nitajidanganya baadaye.

Asubuhi ya shindano nilikwenda kwa Mama mapema nikijifanya nimekuja kumsaidia kubeba vitu. Alikuwa bafuni anaimba. Podo lilikuwa juu ya kiti. Nilichomoa mishale yote iliyokuwamo nikaitia kwenye mfuko wangu, nikaweka mipya. Kazi ilichukua muda mfupi tu. Mama akatoka, akachukua podo, akalitia begani. Akakunja na kukunjua vidole vya mkono wa kulia mbele ya uso wake, akatabasamu peke yake.

"Leo," akasema.

Uwanjani watu walikuwa wengi kuliko mwaka jana. Mvua ilikuwa imekatika na mbingu nyeupe. Kengele alisoma sheria kwa ile sauti yake, na ile ya kutomsemesha aliye mstarini akaisoma mara mbili. Mama alisimama wa tano kutoka kushoto. Duru ya kwanza, mishale mitatu, alivuta yote hadi shavuni. Katikati, katikati, katikati. Mume wangu akanibana mkono. Nikapumua. Nilidhani yamekwisha.

Nilikaa chini kwenye benchi, mfuko miguuni, na kwa mazoea tu ya kazi nikaihesabu ile mishale laini iliyokuwamo. Tisa. Nilitengeneza kumi na miwili.

Nikahesabu tena. Nikauliza, si mtu maalumu, "Mitatu iko wapi?" Mjomba alikuwa amekaa mbele yangu, akageuka. "Mitatu ipi? Mama yako alikuwa ameniachia mitatu jana nimnolee vyembe. Nimemrudishia asubuhi hii, pale langoni. Kaitia kwenye podo."

Sijui uso wangu ulisema nini. Mjomba akasimama.

Mama alikuwa ameshairudisha ile ya duru ya kwanza, kwa hiyo mle podoni sasa kulikuwa na mishale kumi na mitano, mitatu kati yake ya kumtoboa mkono, na yote ilikuwa na sura moja kwa sababu mimi, fundi hodari, nilijitahidi ifanane. Filimbi ya duru ya pili ilikuwa imepigwa. Mama alipeleka mkono nyuma ya bega bila kutazama, kama anavyofanya siku zote, akachomoa mmoja. Akauweka kwenye upote. Huwezi kujua ni upi. Mimi mwenyewe niliyeutengeneza, kutoka pale nilipokuwa, sikuweza kujua.

Akaanza kunyanyua upinde.

Nilijua sheria. Nilijua nitamtoa mchezoni, na msimu huu wote ulikuwa kwa ajili ya dakika hizi. Nilijua pia mkono wa kulia umepona na ule wa kushoto ndio nitakaoutoboa.

"Mama! Shusha! Usivute!"

Mama aliganda. Kwa muda mfupi nilidhani atavuta tu, kwa ubishi. Halafu upinde ukashuka polepole. Hakugeuka. Kengele akapiga filimbi, akatangaza, na mara hii hata yeye sauti yake ilikuwa ndogo: wa tano kutoka kushoto, nje.

Niliruka kamba nikaenda kuuchukua mshale mkononi mwake. Niliuweka juu ya kidole, nikauminya. Ulikuwa mgumu. Ulikuwa mzima. Nilimtoa mstarini kwa ajili ya mshale mzuri.

Watu walianza kunong'ona. Kuna aliyecheka. Mama alinitazama hivi, kama mtu anayejaribu kukumbuka amenijulia wapi. "Umenifanyia nini?" akauliza.

Mjomba ndiye aliyelichukua podo, akaiminya mishale mmojammoja, akatenga mitatu. Kisha akamshika Mama mkono, akanishika na mimi, akatupeleka karakanani kwake, mume wangu nyuma yetu amebeba upinde.

Mjomba aliufunga upinde kwenye ule mti wake, akauweka mmoja wa ile mitatu. Akafunga kamba kwenye upote, akatusogeza nyuma ya mlango. Akavuta hadi kipimo cha Mama, kile cha shavuni, akaachia.

Haikuwa sauti ya mshale. Ilikuwa kama mfupa. Tulipoingia, wano lilikuwa limepasuka vipande, na kimoja kirefu, chembamba, kilikuwa kimezama kwenye mbao palepale upinde unaposhikwa. Mjomba alijaribu kukichomoa kwa vidole, hakikutoka.

Mama alikitazama. Akaunyanyua mkono wake wa kushoto akautazama nao, mbele na nyuma. Halafu akaniuliza tangu lini. Nikamwambia yote: masizi, vyembe vizito, msasa, uongo wa mwanafunzi, mfuko. Nililia, sioni aibu kuandika.

"Kwa hiyo hukuwa unapima mishale," akasema. "Ulikuwa unanipima mimi."

Akaondoka kwa miguu. Upinde ameuacha kwenye mti.

10 Mei

Hajaja.

12 Mei

Nimekwenda kibandani kwake. Alikuwa anamshonea mteja. Ameniambia, "Nina kazi." Nimerudi.

Mume wangu anasema nimwache. Sikumwambia alikuwa ameniuliza swali sahihi tangu mwanzo. Anajua, na hasemi, na ndiyo maana niliolewa naye.

15 Mei

Mvua zimekwisha kabisa. Vumbi limeanza.

18 Mei

Mjomba amesema orodha imebandikwa. Mama yuko mstari wa nyuma, jina la kwanza. Nimeuliza amesema nini alipoiona. "Hajasema. Amesimama hapo muda mrefu." Nimekaa karakanani siku nzima sikugusa hata randa.

20 Mei

Leo Mama amekuja, na amepiga hodi.

Nilishtuka hadi nikamwaga gundi. Alikuwa na upinde wake mkononi, ameuchukua kwa Mjomba. Hakukaa. Aliangalia rafu, mizani, misumari yangu miwili na lile jiwe, kama ndiyo mara ya kwanza anaingia humu.

"Nilipokuzaa wewe," akasema, "nilikaa miezi siwezi kuuvuta upinde wote. Mishale ikawa inakwenda kushoto. Nikamtukana baba yako, nikamwambia ni fundi bandia. Unajua alifanya nini?"

"Sijui, Mama."

"Alinisimamisha hapo ulipo, akaniambia, vuta nione. Nikavuta. Akaniambia, leo umefika hapa. Basi. Nilimnunia siku mbili, halafu nikaja kuchukua mishale yangu."

Nilitaka kusema nimekosa. Nilikuwa nimeshasema, nikachukua kitambaa nikaanza kufuta gundi niliyoimwaga.

"Ungeniuliza," akasema. Sauti ilimkatika kidogo. "Ningekugombeza. Ningekuita mshenzi. Lakini ungeniuliza."

"Na wewe ungeniambia mkono."

Ilinitoka tu. Mama akanitazama, nikadhani sasa ndiyo tumeachana kabisa. Akavuta pumzi.

"Ningekwambia," akasema.

Kisha akasimama katikati ya chumba, akapanga miguu, akaunyanyua upinde. Nilimpa wano refu lisilo na chembe, lenye alama za sentimita, lile la kupimia. Alivuta. Leo haikuwa siku nzuri. Niliona vidole vikitafuta upote na kutousikia, niliona bega likitetemeka, na uso wake, ambao umemtisha kila mtu katika ukoo huu, ulikuwa wazi mbele yangu kama wa mtu anayeombwa kuvua nguo kwa daktari. Alifika pale alipofika, akabaki hapo.

"Soma," akasema kwa meno yaliyokazwa.

Nimeinama nikasoma.

"Sema kwa sauti."

"Sitini na mbili, Mama."

Zamani ilikuwa sitini na tisa. Anajua, najua. Ameurudisha upote polepole, akakaa kwenye kiti cha Baba, akausugua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto.

"Tengeneza kwa hiyo."

"Na mwezi ujao?"

"Mwezi ujao utanipima tena."

"Nitakupima."

"Ukiniuliza kwanza."

"Nikikuuliza kwanza," nimesema.